Chini ya Meza ya Mama Mkubwa

15 Januari

Dada,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia kidogo na unapanda ngazi za shule bila kushika ukuta. Huku tuko salama. Bonge ameota meno ya juu na ameanza kuyajaribu kwangu, kwa hiyo ninanyonyesha huku nimekunja uso. Shemeji yako aliunguza macho tena kwa kutovaa ile miwani ya kuchomelea. Alilala na kitambaa cha maji usoni akilalamika kama mzazi wa mapacha, sasa amerudi karakana kwenye mageti yake. Mimi bado niko kwenye kola. Kiwandani kila mtu na kipande chake: kuna wa mikono, kuna wa mifuko, kuna wa vifungo. Mimi ni kola tu mpaka kengele ilie, hata nikikutana na mtu barabarani namtazama shingoni kabla ya usoni.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Ulipomchukua Chiriku tulikubaliana kwamba nitapiga simu kila jioni nikitoka kazini. Jioni ya kwanza ulimpa simu, tukaongea. Ya pili ukasema anaoga. Nilipopiga tena ukaniambia, kwa sauti yako ile ya darasani, "Mdogo wangu, simu zako zinamrudisha nyuma. Akiongea na wewe, Kiswahili kinarudi chote, na mimi naanza upya. Ukiwa na neno, andika." Ukakata.

Haya, naandika. Tangu nimalize shule kalamu yangu ni chaki ya kuwekea alama kitambaa, kwa hiyo utanivumilia.

Najua bila Kiingereza hatapita usaili wa kuingia darasa la kwanza shuleni kwenu. Nilikubali mwenyewe umchukue ukamfundishe, tena mbele ya baba yake ambaye hakutaka. Na unajua kwa nini. Wanunuzi walipokuja kiwandani akatafutwa msimamizi wa kuwatembeza, akachaguliwa msichana ambaye hata kuweka bobini ya uzi kwenye cherehani hajui, kwa sababu Kiingereza kinamtoka. Mimi nikasimama na kola zangu mkononi kama niliyefumaniwa nazo. Sitaki mwanangu asimame hivyo.

Lakini kuna mambo yake ambayo hukuuliza, na mimi kwa haraka ya basi sikukuambia. Huyu anaongea mpaka usingizi unamkuta katikati ya neno. Usimnyamazishe, mwitikie "mm" tu, inatosha. Mlango uache wazi kidogo. Akiuliza kwa nini, mpe jibu, hata la uongo, mradi liwe jibu. Hatukumwita Chiriku bure.

Niambie analala vipi. Barua mpe kondakta wa basi la asubuhi, yule mwenye pengo. Karakana ya shemeji yako anaijua.

Mdogo wako,
Mama Chiriku


4 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile. Daktari ananiambia nipunguze ngazi, nikamuuliza kama yeye ndiye atakayekwenda kunifundishia darasa la ghorofani. Nyumba nimeipaka rangi nyeupe, na mtoto ameshaelewa kwamba ukuta haushikwi. Mpe pole shemeji. Mwambie miwani haimpunguzii mtu uanaume.

Barua yako imefika. Imejaa huruma, na huruma ndiyo iliyomchelewesha huyu mtoto. Umemlea kwenye kelele, mdogo wangu. Alipofika hapa alikuwa kama redio iliyokosa mtu wa kuizima, lakini muulize kwa Kiingereza kikombe kiko wapi, anakuonyesha kwa kidole.

Kinachomkwamisha ni vihusishi. Hujui ugumu wake kwa kuwa hujafundisha. Kiswahili kinatudekeza: ukisema "mezani" umemaliza, kitu kiwe juu yake au kiwe ukingoni, msikilizaji atajijua. Kiingereza hakikuachii hivyo. Kitu kiko "on", au kiko "under", au kiko "behind", na mtoto akibabaika mbele ya wasaili wanamwita aliye nyuma yake kwenye foleni.

Mimi nimebuni njia yangu. Fimbo sishiki, nataka ulijue hilo. Sijamgusa mtoto hata kwa ukucha. Namfundisha kwa mwili wake. Namsimamisha juu ya kiti, anasema yuko juu ya kiti. Namweka nyuma ya mlango, anasema yuko nyuma ya mlango. Kando ya dirisha, katikati ya viti, chini ya meza, kila mahali na neno lake. Mwili ukikumbuka, mdomo unafuata. Akikosea, anabaki pale pale alipo mpaka aseme sawasawa. Kanuni ni hiyo moja na ameielewa. Chini ya meza ya chakula ndipo anapokaa sana, sijui kwa nini hapo panamshinda.

Shuleni kwetu mwaka huu ni Kiingereza kuanzia getini mpaka chooni. Hata mpishi siku hizi anasalimia "gudi moning" na mwiko mkononi. Walimu wote tutapimwa, kwa hiyo usitegemee barua ndefu kutoka kwangu.

Analala vizuri.

Dada yako


12 Februari

Dada,

Shikamoo. Bonge ana mafua, anapumua kama cherehani isiyotiwa mafuta. Shemeji yako macho yamepona. Miwani ameitundika kwenye msumari, ndipo anapoivalia.

Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa chakula, tukacheka. Yule anayeshona mifuko akasema, "Huyo dada yako angetufundisha sisi, saa hizi tungekuwa wote juu ya mashine." Nikacheka nao. Halafu nikarudi kwenye kola zangu, na sikufika mbali kabla kicheko hakijanikauka.

Anabaki pale pale mpaka aseme sawasawa. Mpaka lini, Dada? Mtoto ambaye hajui, anajuaje kwa kukaa tu? Nani anamwambia? Na wewe unakuwa wapi? Saa ya chakula ikifika unakula? Unakula juu ya meza hiyo hiyo na yeye yuko chini?

Mimi si mwalimu. Lakini akija msichana mpya kiwandani akaipinda kola, tunafumua naye pamoja. Simwambii aikodolee macho mpaka inyooke yenyewe.

Nilikuuliza analala vipi, ukanitupia maneno mawili. Mlango hukuutaja. Kama anaongea mpaka usingizi unamchukua, hukusema. Wewe hukuwahi kuwa mtu wa kusahau nilichokuuliza, kwa hiyo sielewi.

Nataka kusikia sauti yake. Dakika moja tu. Iwe kwa Kiingereza hicho hicho kama Kiswahili kimekuwa sumu. Aseme "gudi moning", mimi nitanyamaza nimsikilize.

Mama Chiriku


10 Machi

Mwalimu,

Shikamoo naitoa kwa kuwa ulinitangulia kuzaliwa. Leo sina sababu nyingine.

Kondakta mwenye pengo ameniapia kwamba barua ya Februari alikupa mkononi, ukaipokea mlangoni ukiwa na taulo kichwani. Hukujibu. Simu yako inaita mpaka inachoka. Shemeji yako alipiga ofisi ya shule akaambiwa uko kwenye kikao. Akapiga siku nyingine, bado uko kwenye kikao kile kile.

Sikukupa mtoto umfungie kama sahani za wageni. Andika. Ukinyamaza tena nitakuja mwenyewe, na nikija usitegemee kusikia hodi.

Mama yake Chiriku


18 Machi

Mama Chiriku,

Barua zako zote nimezipata. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na mambo. Walimu tumepimwa. Kuhusu hilo sina la kusema, na wewe usiniulize. Goti limevimba. Naona sasa hata kuniulizia umeacha.

Unataka kujua mtoto yukoje. Mtoto yuko vizuri kuliko ulivyomleta. Juzi mwalimu mkuu alipita hapa nyumbani na mke wake, wakakaa, wakanywa chai, wakazungumza weee, na walipoinuka kuaga mke wake akashtuka, "Kumbe kuna mtoto humu ndani?" Hawakuwa wamemsikia. Ni yule yule uliyeniletea, ambaye hata ungemjaza maji mdomoni angeongea. Niliona fahari.

Na hayo ya meza acha kuyakuza. Siku hizi wala sihitaji kumwambia. Akikosea anajipeleka mwenyewe. Hata akimwaga chai, hata akiangusha penseli, unamwona anainama, anaingia, anakunja miguu. Nidhamu hiyo kwenye darasa langu sijawahi kuiona.

Hiyo sauti unayoidai siwezi kukupa kwa sasa. Amekuwa mzito wa kusema, Kiingereza na Kiswahili pia. Ni hatua tu. Lugha mpya ikiingia, ya zamani inatulia kwanza, vitabu vinasema hivyo. Usaili ni mwezi ujao. Baada ya hapo mtaongea mpaka mchoke.

Dada yako


30 Machi

Mama Chiriku,

Salamu sina.

Jumamosi uliingia nyumbani kwangu na Bonge mgongoni. Hukuvua viatu. Hukukaa. Maji niliyokuwekea hukuyagusa. Ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu kama askari aliyepewa ramani, ukamvuta mtoto kutoka chini yake, ukatoka naye na soksi, hata viatu hukumvisha. Majirani walikuwa nje, wote, hata wale ambao huwa hawatoki. Nilikuita kwa jina lako la utotoni mbele yao na hukugeuka. Mimi niliyekubeba mgongoni mama alipokuwa hawezi kuinuka kitandani. Mimi niliyekuchana nywele mpaka ukaolewa.

Usaili ulikuwa umebaki hatua tu. Alikuwa anajua. Nakuambia alikuwa anajua yote, neno moja moja, kila mahali na jina lake. Umeipua sufuria kabla haijachemka, na kesho mtoto huyu akiwa mkubwa akapitwa kazini kama ulivyopitwa wewe, usije ukanitafuta.

Viatu vyake viko hapa. Mswaki uko hapa, na kalamu zake za rangi. Sitampa kondakta. Ukivitaka njoo, ukae kwenye kiti, tuzungumze kama watu.

Dada yako, kama bado unanihesabu


13 Aprili

Dada,

Bonge amepona, anasimama kwa kushika vitu. Shemeji yako anakusalimu. Hiyo salamu nimeiongeza mimi. Aliyoyasema yeye hayaandikiki.

Viatu kaa navyo.

Ngoja nikueleze nilichokikuta, maana nadhani wewe umekizoea mpaka hukioni. Mlango ulikuwa wazi, wewe uko jikoni unaosha vyombo. Nikaita, "Chiriku." Nikaita tena, nikaona ncha ya soksi chini ya kitambaa cha meza. Nikainama. Akanitazama, Dada. Akanitambua, nililiona kabisa jicho lake likinitambua. Na hakutoka. Aligeuza kichwa kwanza akatazama miguu yako kule jikoni. Alikuwa anangoja ruhusa yako ili aje kwa mama yake.

Ndiyo maana sikunywa maji yako.

Kwenye basi hakutamka neno, na hapa nyumbani ni hivyo hivyo. Anaitika kwa kichwa. Mlango nimeuacha wazi, nimelala kando yake nikimsubiri aongee mpaka usingizi umkute, na anayeongea ni mimi. Juzi aliangusha kijiko. Kabla hakijatulia sakafuni alikuwa ameshaingia chini ya meza, miguu ameikunja, mikono magotini, anangoja. Baba yake akatoka nje akaenda kupigapiga chuma ambacho hakuna mteja aliyekiagiza. Alitaka kuikata miguu hiyo meza, nikamzuia, meza haina kosa. Bonge anadhani ni mchezo, anamfuata huko kwa kutambaa na kumvuta masikio. Namwacha. Chakula tunakula huko huko sote. Naingia na sahani yangu, nimeinamisha kichwa, shingo inaniuma mpaka kesho yake kazini, mimi mtu wa kola.

Uliandika kwamba mwili ukikumbuka, mdomo unafuata. Mwili umekumbuka. Mdomo uko wapi?

Na usinikumbushe ulivyonibeba. Ulinibeba, ndiyo, na ndiyo sababu nilikupa mtoto bila kukuuliza maswali. Usinitolee mgongo wako leo kama risiti.

Nakuuliza jambo moja na unijibu hilo tu. Mtoto hawi hivi kwa kukosea peke yake. Watoto wanakosea mchana kutwa na wanacheka. Kuna kitu kilitokea hapo chini ya meza, na kila barua unakizunguka kama dimbwi. Ni nini?

Mama Chiriku


6 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana. Sasa nimekaa nyumbani na goti, kwa hiyo ile sababu ya kazi nyingi sina tena.

Darasani wamenitoa. Ule upimaji wa walimu ulinishinda, na ulinishindia pale pale, kwenye vihusishi. Maisha yangu yote ya kazi nimefundisha kwa Kiswahili, na watoto wakasoma na kuhesabu. Leo nasimamishwa mbele ya watu wenye kalamu, niseme kalamu zao ziko wapi, na mimi mdomo umekauka kama mtoto wa siku ya kwanza. Wamenipeleka stoo ya vitabu. Nagonga mihuri. Wale wadogo wa darasa langu wananichungulia dirishani na kunipungia mkono.

Sikuandikii unionee huruma. Umeuliza, najibu.

Nilikuwa najifunza kupitia kwake. Nasoma somo mchana, jioni namfundisha, na akilishika naona kama mimi pia nimelishika. Yeye anashika haraka, unayajua masikio yake. Jioni moja yuko chini ya meza akasema sentensi. Nikamwambia umekosea. Akairudia vile vile. Nikamwambia umekosea. Akasema, "Mama Mkubwa, ndivyo ulivyonifundisha jana." Nikamwambia atakaa hapo mpaka aseme ninavyosema leo.

Alikaa. Nilipakua chakula nikala. Ulikisia, ndiyo, mimi juu na yeye chini. Mwisho akasema nilivyotaka, nikamtoa, nikampakulia, nikamsifu. Alipolala nikafungua kitabu. Alikuwa sawa tangu mwanzo.

Sikumwambia. Niliona nikimwambia hatanisikiliza tena, na upimaji uko mbele yangu. Nikasema nitamweleza nikishapita. Kesho yake hakuniuliza kwa nini. Wala siku iliyofuata. Yeye, wa kuniuliza kwa nini hata maji yanapochemka.

Basi. Viatu nampa kondakta.

Dada yako


12 Mei

Dada,

Nimeisoma barua nikiwa kiwandani, nikaikunja, nikashona, nikaikunjua tena. Kwanza pole ya darasa. Inatoka moyoni. Walichokufanyia si haki, na ningekuwa karibu ningekuja kukaa na wewe. Pole hiyo ishike uiweke pembeni, isichanganyike na hili.

Umeniandikia mimi. Mimi sikukaa chini ya meza. Aliyekaa ni mwingine, bado ana meno ya utotoni, na mpaka leo anaamini alikosea.

Viatu nimepokea, vimeshaanza kumbana.

Utakuja. Goti likiuma, njoo nalo linauma. Utamwambia kwamba alikuwa sawa. Utamwambia kwa Kiswahili, na utamwambia hapo hapo atakapokuwa. Usimwite atoke, ingia wewe. Kama huwezi, usiniandikie tena.

Mdogo wako


8 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na goti halikukusumbua njiani. Bonge ametembea. Alitoka mlangoni mpaka kwenye ndoo ya nguo, akaishia ndani yake.

Ulipoondoka hapa sikukusindikiza. Sikutaka. Hasira bado ninayo, na sitakuficha. Niko kwenye mashine nimetulia, ghafla inanipanda mpaka sindano inavunjika. Msimamizi ameshaniuliza kama sindano natafuna. Lakini yapo mambo ambayo hukuyaona kwa sababu ulikuwa chini, na yapo yaliyokuja baada ya wewe kuondoka. Hayo siwezi kukunyima.

Ulipopiga magoti nililisikia goti lako. Mkono wangu ukataka kwenda kukushika, nikaurudisha. Ukaingia, nikabaki naona soli za viatu vyako na pindo la gauni. Ukaanza kumwambia kwa Kiingereza. Nilikukataza na bado ukakikimbilia, nadhani ni woga. Halafu ikatoka sauti nyembamba, imekauka kama bawaba ya mlango uliofungwa muda mrefu: "Sema vizuri."

Dada, sauti ile sikuwa nimeisikia tangu Januari. Nilijiziba mdomo kwa nepi ya Bonge, bahati ilikuwa safi. Shemeji yako alikuwa amesimama mlangoni, miwani ya kuchomelea iko juu ya kichwa. Akaishusha machoni. Siku hiyo ndiyo niliyomwona akiivaa vizuri.

Ukasema, "Ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekosea." Akasema, "Tena." Ukasema tena. Nikaona viatu vinaanza kurudi nyuma, unataka kutoka, akakuambia, "Bado. Kaa hapo hapo." Najua ulidhani nitamkanya, nilisikia ulivyoita jina langu. Nisingemkanya hata angekulaza huko. Ukayasema mpaka aliporidhika yeye. Akatoka kwanza, akavuta kiti, akakikalia, akanionyesha birika. Wewe ulipokuwa bado unahangaika kujiinua, yeye alikuwa anapuliza chai.

Nilidhani ataanza kuongea jioni ile. Hakuanza. Ikapita siku, ikapita nyingine, nikaanza kukuwazia mabaya upya. Halafu asubuhi moja namchana nywele, akauliza kwa nini soksi ya Mama Mkubwa ina tundu kisiginoni. Nikamwambia ni la kupitishia hewa. Akauliza kwa nini sasa ya pili haina. Tangu hapo hajafunga mdomo. Mwenzangu wa mifuko alipita kunijulia hali, akaondoka na kichwa kinamuuma.

Shuleni kwenu hatarudi, na kwako hatakuja kukaa. Hilo limekwisha, usilifungue. Tumemwandikisha hapa jirani. Kiingereza atakipata, na sehemu yake anayo tayari: akishuka kitandani anakitaja kila anachopita, chini yake, juu yake, nyuma yake, kwa kuimba, bila mtu kumuuliza. Sikatai kwamba ulimpa hicho.

Kijiko kikianguka bado anashtuka. Anaitazama meza, kisha anakiokota. Kuna siku hakiokoti, anaingia. Hiyo, Dada, siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Ni yake.

Simu iko wazi. Ukipiga atapokea yeye, na utamsikiliza mpaka achoke yeye, si wewe.

Nimemuuliza sasa hivi kama ana la kukuambia. Ameweka kidole shavuni, amefikiri mpaka Bonge akamvuta nguo. Ameniagiza niandike hivi hivi alivyosema: mwambie goti likipona aje tena, safari hii nitamwacha akae kwenye kiti.

Mdogo wako,
Mama Chiriku